Nyumba Yenye Magurudumu

Kuchagua mahali pa kukaa ni kazi ya kale kuliko kujenga. Kabla mtu hajajua kusimamisha nguzo na kukandika udongo, alikwisha jua kuchagua pa kulaza ubavu wake: penye kivuli, pasipo siafu, karibu na maji lakini si katika njia ya maji. Kaa wa pwani hufanya uteuzi huo kabla ya kuchimba shimo, na ndege huufanya kabla ya kuokota ujiti wa kwanza wa kiota. Nyumba ya mawe humpumzisha mwenyewe na kazi hiyo, kwa sababu mahali pake huchaguliwa mara moja tu, na kosa likiwapo hurithiwa na wajukuu. Bali mwenye nyumba inayokwenda huianza kazi upya kila jioni.

Lugha ya Kiswahili imeliona jambo hili zamani. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua tini, jua hutua magharibi. Na katika neno hilo la kutua limezaliwa neno kutulia, na katika kutulia ukazaliwa utulivu. Maneno ni ya ukoo mmoja, lakini si mamoja. Mtu aweza kutua mahali asitulie, kama mgeni anayeketi ukingoni mwa kiti na kofia mkononi.

Pwani ya Afrika ya Mashariki haikungoja kufundishwa habari za kambi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilitua na kuondoka kwa miezi mingi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila 2 hivi, na frasila moja ni yapata ratili 35. Kwa hiyo ilipofika saa ya kutua, uteuzi wa mahali haukuwa mchezo. Maji, kuni na usalama ndivyo vilivyoamua, na penye hatari boma la miiba lilizungushwa kabla ya usiku. Hapana aliyeuliza kama mahali panapendeza macho.

Kambi ya furaha ni jambo jingine, nalo lilikuja baadaye. Aghalabu hutajwa mwaka 1885, ambapo William Gordon Stables, Mskoti aliyepata kuwa daktari wa jeshi la majini na kisha mwandishi wa vitabu, alifanyiziwa gari la mbao lenye kitanda na jiko katika mji wa Bristol, akalifunga farasi 2, akatembea nalo kutoka kusini ya Uingereza mpaka Scotland. Kabla yake walikuwako watu waliokaa katika magari maisha yao yote; ila wao walisukumwa na dhiki au mila, wala hakuna aliyewaita watalii.

Farasi walipokwisha ikaja injini, na leo Ulaya imejaa magari ya namna hiyo. Si tela la kukokotwa, wala si hema. Ni gari lenye usukani mbele na nyumba nyuma: kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji safi na tangi la maji machafu, na choo chembamba ambacho mtu mnene hukiingia kwa ubavu. Waswahili wanaoyaona yakipita hawajakubaliana jina; wengine husema gari la kulala, wengine gari-nyumba, na jina hili la pili ndilo litakalotumika hapa.

Katika viwanja vya kambi vya Ulaya kila gari hupewa nafasi yenye namba, na desturi za kuliweka gari katika nafasi hiyo zimekuwa kama sheria. Dereva kwanza ashuke, atembee kwa miguu, atazame chini kama pana tope na juu kama pana tawi. Gari lisimame mbali na jirani. Huko Uingereza nafasi inayotakiwa ni mita 6, ili moto ukiwaka usiruke. Akirudi kinyumenyume awe na mwelekezi mmoja tu, kwani wawili humpoteza. Na mwelekezi akitoweka katika kioo, dereva asimame hapo hapo. Pua ya gari ielekezwe njia ya kutokea, ili likizuka jambo la hatari mtu aondoke bila kugeuza. Mlango uwe upande usiopigwa na upepo. Mwisho gari lisawazishwe kwa pimamaji, na gurudumu lililo chini lipandishwe juu ya kabari mpaka kiputo kikae katikati.

Sheria hii ya mwisho ina sababu ambayo wengi hawaijui. Usingizi wa mtu aliyelala kichwa chini ni mbaya, ndiyo. Lakini friji huudhika zaidi. Friji za kale za magari hayo, zile zifanyazo kazi kwa moto wa gesi, hazina mashine ya kusukuma kitu. Hutegemea maji yenye amonia yatiririke yenyewe mabombani kwa uzito wake. Gari likiinama sana, mtiririko hukoma, na maziwa huchacha ijapokuwa moto unawaka.

Alikuwako mtu mmoja aliyezijua sheria hizi zote kama ajuavyo mwalimu wa chuo alifu na be. Alizaliwa Dar es Salaam, akaenda Ujerumani katika ujana wake, akafanya kazi ya kuendesha malori katika mji wa Hamburg kwa zaidi ya miaka 30. Watoto wake walikua huko, wakaoa huko, na lugha yao ya kuotea ndoto ni ya huko. Alipopata malipo ya uzee alinunua gari-nyumba lililokwisha tumika, akalitembeza Ulaya miaka michache, kisha akalipakia melini. Likashuka Mombasa. Akaliendesha mwenyewe hadi mpaka wa Horohoro, akapewa kibali cha muda cha forodha, maana gari lilikuwa na namba za kigeni. Akapita Tanga, akashika njia ya Msata, akatokea Bagamoyo, akavuka Mto Mpiji. Akawa amefika Bunju.

Bunju ni mwisho wa Dar es Salaam upande wa kaskazini, au mwanzo wake kwa atokaye Bagamoyo. Kutoka katikati ya mji ni zaidi ya kilometa 30: mtu hupita Mwenge, Mbezi, Tegeta penye kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji, kisha Boko, kisha Bunju A na Bunju B. Wenye umri wanaikumbuka kuwa ni mashamba ya mikorosho, minazi na mihogo. Leo mikorosho iliyobaki imesimama baina ya kuta za matofali, kama wazee katika harusi ya vijana, na kando ya barabara bodaboda wanangoja abiria wa daladala.

Baba wa mtu huyu alikuwa amenunua shamba dogo hapo wakati ardhi ilipokuwa bei ya kanga chache. Alipofariki, shamba liligawanyika sehemu mbili. Dada mkubwa alijenga upande wa kusini nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza, akakaa na mumewe na watoto. Sehemu ya mdogo wake ilibaki tupu. Kiwanja kitupu karibu na mji ni kama chakula kisichofunikwa. Kila apitaye hukitazama. Basi dada alikifunika. Alipanda mihogo kila mwaka si kwa njaa, bali ili watu wajue kuwa pana mwenyewe. Mara mbili alikuta vigingi vya watu asiowajua, akaving'oa. Mara moja alisimama mbele ya baraza la ardhi siku nzima, na swali aliloulizwa mara nyingi lilikuwa hili: Huyo ndugu yako atarudi? Alijibu kuwa atarudi.

Na sasa amerudi. Lakini dada alitazamia kuona mafundi, kokoto na kamba za msingi. Aliona gari jeupe lenye madirisha ya nyumba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nyumba yako iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Dada alilitazama kuanzia juu hadi chini, macho yake yakakoma kwenye magurudumu. Hakusema kitu kibaya. Alisema, "Karibu," akaingia jikoni.

Shemeji yake alikuwa mtu wa magari. Alianza kazi ya utingo katika malori ya njia ya Zambia, tangu barabara ya Tunduma ilipokuwa ikipita malori mchana na usiku, akapanda akawa dereva, na magoti yalipomshinda akarudi kukaa. Mtu wa namna hii hawezi kuona gari likiingia uani akabaki ameketi. Alitoka, akasimama nyuma ya gari, akanyosha mikono kama alivyofanya katika ujana wake. Mgeni alimshukuru kwa kichwa, akamwonyesha kioo kidogo karibu na usukani: gari lilikuwa na kamera ya nyuma. Mzee akashusha mikono yake, akasogea kando.

Mgeni alishuka, akatembea kwa miguu kama sheria inavyoamuru. Kiwanja chake kiliinama kidogo kutoka kwenye nyumba ya dada kuelekea ukuta wa jirani uliokuwa kaskazini. Chini karibu na ukuta alikuta mahali pazuri mno, pana, penye majani mafupi, pasipo tawi juu. Aliweka pimamaji juu ya ubao, akaugeuza ubao huku na huku. Kiputo hakikuondoka katikati. Alifurahi kama mtu aliyeokota fedha. Hapangetakiwa hata kabari.

Shemeji alikohoa. "Shemeji, hapo mihogo haikui."

"Mimi sipandi mihogo, shemeji," alisema mgeni kwa kucheka, na mzee akacheka pia, kwa kuwa neno la pili si adabu kumwambia mgeni siku ya kwanza.

Ikabaki kuamua gari litazame wapi. Lango la kiwanja lilikuwa magharibi, upande wa barabara. Kwa sheria ya kambi pua ilitakiwa itazame magharibi. Sasa gari hili lilitengenezwa kwa nchi ambazo watu huendesha kulia, na mlango wa nyumba yake ulikuwa ubavu wa kulia, ili msafiri ashukie kando ya njia. Kwa hiyo pua ikitazama magharibi, mlango hutazama kaskazini: ukuta wa jirani. Nyumba ya dada, iliyo kusini, ilipewa ubavu wa kushoto, ambao hauna kitu ila dirisha dogo la jikoni na kifuniko cha tangi. Mgeni aliliona hili akaliona jema, kwani msimu wa kusi ulikaribia, na mlango ungejificha na upepo. Vitabu vyote vilikuwa upande wake. Alivuta breki ya mkono, akazima moto wa gari, na kwa kila kanuni iliyoandikwa alikuwa amefanya sawa.

Jua lilipotua dada alileta chakula. Alitoka jikoni na sinia lenye kawa, akafika kwenye gari, akakuta ubavu usio na mlango. Akalizunguka. Alipita nyuma penye ngazi, akapita baina ya gari na ukuta penye giza na majani, akabisha hodi. Usiku wa pili alifanya vile vile, na ndugu yake akiwa ndani aliuona mwanga wa taa yake ukipita dirishani, ukapotea, ukatokea upande wa pili. Usiku wa tatu sinia lililetwa na mtoto.

"Mama hajambo?" aliuliza mjomba.

"Hajambo. Amesema njia ya kuja kwako ni ndefu."

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hudhani kuwa methali hii ni ya kumchoka mgeni, na mara nyingi ndivyo itumiwavyo. Lakini ina tafsiri nyingine. Anayepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Ana sehemu katika shamba na haki katika chungu. Siku ya tatu ilipita, na ya nne, na ya saba, wala hapana aliyempa mtu huyu jembe. Alitendewa heshima zote za mgeni: kiti kizuri, kikombe kisicho na ufa, na mazungumzo yaliyonyamaza alipokaribia. Huzuni ilimshika, naye hakuijua sababu yake. Gari lake lilikuwa sawa kabisa na ulalo wa dunia, na ndani yake maziwa hayakuchacha.

Masika yakaja. Yalianza kwa manyunyu ya alfajiri yaliyowafurahisha watu, kisha ikanyesha siku mbili mfululizo. Usiku wa pili mgeni alishuka kitandani kufunga dirisha, akasikia sauti ya maji chini ya sakafu. Alifungua mlango akamulika. Ngazi haikuonekana.

Hapo ndipo alipoifahamu mihogo. Mhogo hautaki maji yasimame mizizini mwake, huoza. Mahali pasipoota mhogo katika shamba linaloota mihogo pana habari, na habari hiyo mkulima huijua bila pimamaji. Tena ule usawa uliomfurahisha haukuwa wa bahati. Ni maji yenyewe yaliyopasawazisha, masika baada ya masika, kwa kuleta udongo laini kutoka juu na kuulaza pale yalipotulia. Pimamaji ilisema kweli. Ilimwonyesha mahali ambapo maji hukaa, kwa kuwa hata ndani ya pimamaji kinachosema ni kitu kitiririkacho kama maji.

Watu wa upande huo hawakuwa na haja ya kuambiwa habari hizi. Jirani na Bunju iko Mabwepande, ambako mwanzoni mwa mwaka 2012 zililetwa jamaa za Bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam. Walianza maisha yao mapya katika mahema, juu ya ardhi ambayo haikuwa na kosa ila umbali wake na riziki. Wengi walikuwa wameonywa juu ya bonde lile mara nyingi. Lakini bondeni ndiko kulikokuwa karibu na soko, na ndiko walikozaliwa watoto wao; na mtu hachagui mahali kwa kutazama maji peke yake. Wenye kuwalaumu wangefaa kukumbuka kuwa hata mwenye pimamaji na elimu ya kambi alilala majini.

Mgeni aliwasha gari akakanyaga mafuta. Magari mengi ya aina hiyo huvutwa na magurudumu ya mbele, na uzito wake mwingi uko nyuma. Katika tope ni kama punda anayevutwa masikio. Magurudumu yalizunguka, yakachimba, yakazama.

"Usikanyage!" Sauti ilitoka gizani. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya gari, maji yakimfika katikati ya miundi, amevaa shuka na koti la mvua. "Zima, shemeji. Lori halishindani na tope. Shuka."

Alishuka. Mzee aliamuru, na watu walifanya. Upepo wa matairi ya mbele ulipunguzwa ili yatandae. Tope la mbele ya magurudumu likachotwa kwa sepetu na kwa sufuria. Vijana wa jirani walipanda juu ya ukuta wakateremka na mbao. Dada akaleta makuti ya jiko lake, aliyokuwa amenunua juzi, na magunia ya pumba. Vyote vilisukumwa chini ya matairi. Kisha mzee alikwenda mbele, akasimama katika mwanga wa taa, akanyosha mikono. Safari hii dereva hakutazama kitu kingine ila mikono ile. Gari lilitikisika, likapanda, likatoka.

Ni haki kusema kwamba sheria ya kuelekeza pua njiani haikuwa ya uongo. Gari lisingetoka kinyumenyume usiku ule. Vitabu vya kambi havikuandikwa na wajinga. Viliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni, wanaolala usiku mmoja au wiki moja mahali pasipo na mtu wa kumwuliza. Kosa la mtu huyu ni kuvitumia nyumbani.

Kulipopambazuka gari lilikuwa langoni, na tope limelipaka hadi madirishani. Ikabidi lipatiwe mahali papya. Shemeji alionyesha ardhi ya juu karibu na nyumba, ya mchanga mwekundu unaokunywa maji. Ilikuwa imeinama, na pimamaji iliikataa waziwazi. Mgeni alitaka kuligeuza gari aliweke kama mwanzo. Ndipo dada alipotoka barazani, mikono ikiwa na unga.

"Mlango huu utazame baraza yangu," alisema.

Ndugu yake alimweleza kwa upole. Mlango ukitazama kusini, pua itatazama mashariki, kwenye bahari. Nyuma ya gari itakuwa langoni. Upepo wa kusi utaingia ndani moja kwa moja. Na siku ya kuondoka hataweza kutoka ila kinyumenyume, katika njia nyembamba, hadi kwenye barabara yenye bodaboda. Kamera haioni pembeni. Ni lazima mtu asimame nyuma amwelekeze, na mtu mwingine asimame njiani azuie magari.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Utakapotaka kutoka," alisema, "utatuita."

Mtu yule alinyamaza kitambo. Miaka 30 na zaidi nyuma aliondoka katika nyumba ya baba yake alfajiri, kabla watu hawajaamka, kwa sababu aliogopa kulia mbele yao. Dada yake aliamka akakuta mkeka mtupu. Jambo hilo halikupata kutajwa baina yao katika barua wala katika simu, na halikutajwa siku hiyo pia. Aliingia garini, akawasha, akalipeleka mbele, pua ikatazama bahari.

Kazi ya kusawazisha ilichukua asubuhi nzima. Ardhi ilihitaji kabari ndefu chini ya magurudumu mawili ya upande wa chini. Shemeji alizichonga kutoka katika mbao mbili za mninga zilizobaki alipojenga paa. Alielekeza kwa mikono. Dada alisimama ndani ya gari, karibu na friji, akishika pimamaji na kusoma kwa sauti. "Bado. Bado. Kiputo kinakuja. Kimepita! Rudi." Watoto walirudia kila neno. Kiputo kilipokaa katikati walipiga vigelegele.

Kusi iliingia kama ilivyotabiriwa. Ilibamiza mlango, ikazima moto wa jiko, ikajaza mchanga katika kitanda. Katika muda wa siku moja shemeji na vijana walisuka ua wa makuti mbele ya mlango, wenye kimo cha mtu, wakaacha pengo la kupita upande wa baraza. Hakuna kitabu cha kambi kinachoeleza namna hii ya kuzuia upepo, kwa sababu inahitaji watu wanne na mnazi wa jirani. Jioni dada alivuka na sinia, hatua 11 kutoka baraza hadi mlangoni, wala hakuchukua taa.

Siku ya tatu mtoto alikuja asubuhi na jembe. Mama amesema, mjomba asaidie kuchimba mfereji wa kupitisha maji kabla mvua haijarudi. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na mgongo ulimwuma. Alichimba hadi adhuhuri, akapumzika, akachimba tena. Shemeji alimwambia kuwa mfereji wake umepinda. Hapana mgeni anayeambiwa hivyo.

Kibali cha forodha kilikuwa cha muda, na muda ulikwisha. Karatasi haina shemeji wala dada. Ilibidi gari litoke nchini, nalo lilitoka katika mwezi wa Agosti, alfajiri. Lakini safari hii nyumba nzima ilikuwa macho. Mzee alisimama nyuma, akaonekana wazi katika kioo, na kamera ilifunikwa kwa kitambaa. Dada alikwenda barabarani akawasimamisha bodaboda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika ncha ya khanga kinywani. Gari lilirudi polepole, likapita langoni bila kugusa, likajinyosha barabarani. Dereva alishuka tena, akawaaga mmoja mmoja, kisha akaenda.

Kama atarudi na mafundi na kokoto, au atarudi na magurudumu, au hatarudi, hilo halijulikani. Watu wenye makwao mawili wamekuwa wengi, na hakuna sheria iliyokwisha andikwa ya namna ya kuwaweka. Ila yaelekea ya kwamba sehemu ya kazi hiyo si yao peke yao. Mwenye kutua huleta pimamaji yake. Waliopo huleta habari za maji, na mikono ya kuelekeza, na neno la kuamua mlango utazame wapi.

Mihogo ilipandwa tena katika kiwanja kile mvua za vuli zilipoanza, isipokuwa mahali pawili: kule chini kwenye majani mafupi, na pale juu karibu na baraza. Pale juu kabari mbili za mninga zimebaki kama zilivyowekwa. Siku moja kuni zilikwisha, na mtoto alikwenda kuziokota. Mama yake alimwita kutoka jikoni, akamwambia azirudishe, na aziweke sawasawa zilivyokuwa.